Picha Iliyolala Upande: Kumuaga Nikodemu Tluway

Aliyeing'oa picha ya mashua pale mapokezi akatundika kalenda ya matairi, ajue ana mkono mwepesi na akili nzito. Mzee anaondoka wiki hii, nanyi mnamsindikiza kwa kung'oa msumari wake. Nimeombwa niandike kwa ajili ya sherehe, mimi Rozalia wa jikoni, na nitaandika. Kusoma nimejifunzia ukubwani, lakini macho nilizaliwa nayo.

Nikodemu Tluway, mwenyeji wa Qurus, anastaafu tarehe 30 Juni 1988 baada ya kuitumikia Hoteli ya Ukingoni, hapa Karatu, kwa miaka ishirini na miwili. Alianza kwa kubeba mizigo ya wageni. Mgeni mmoja akamwachia kamera, na tangu hapo haikupita harusi, kipaimara wala kifaru wa Kreta ya Ngorongoro bila kupigwa picha. Filamu alizisafishia kwenye stoo yangu ya viazi, ndiyo maana viazi vya hoteli hii vilinuka dawa mwaka mzima. Mlidhani ni mapishi yangu.

Hakuwa malaika. Mwaka 1978 aliwapiga picha wageni wa heshima kutwa nzima, hata wakabadilisha nguo, ndipo akakumbuka kwamba filamu ilibaki kwenye droo. Meneja wetu, Bwana Patrisi, akamwambia akikosa tena, kamera inaingia kabatini na yeye anarudi kwenye mizigo. Mtu mnene vile, na mgongo unaouma. Hata makande yangu hakuyamaliza, nikajua jambo ni zito.

Ikaja Sabasaba ya 1979. Mvua zilikuwa zimelijaza Ziwa Eyasi, wavuvi wakaandaa mashindano ya mashua, matanga yameshonwa kwa mifuko ya unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Hoteli ikatoa turubai jipya liwe zawadi, na meneja akataka picha ya kuweka mapokezi. Nikodemu akasema mashindano hayapigwi picha kutoka ufukweni kama kondoo. Lazima awe ndani ya mashua.

Nahodha Thomasi, Mnyiramba aliyekulia kando ya Ziwa Kitangiri, akampima kwa macho. Upepo ukiwa mkali, mashua zao huwekewa viroba vya mchanga zisipinduke. Thomasi akashusha viroba viwili, akampandisha Nikodemu.

"Leo wewe ni mzigo, mzee. Nikisema hamia huku, unahamia. Mzigo hauchagui pa kukaa."

"Sawa, nahodha. Mzigo umesikia."

Kusikia ulisikia.

Mchana upepo ukaporomoka kutoka juu ya magenge. Mashua ya Thomasi ilikuwa mbele, tanga limevimba kama shavu la mtoto mwenye andazi, Nikodemu ametulia upande unakotoka upepo, mzigo mwema kabisa. Kisha mashua ya pili ikawakaribia upande ule mwingine, imelala, watu wake wananing'inia nje. Thomasi akapiga kelele, "Mzigo, kaa." Mzigo ukainuka. Mzigo ukavuka, ukaenda upande uleule uliokuwa umeshainama, kamera jichoni.

Mashua ikapinduka. Mke wa Nikodemu, Lusia, aliyekuwa nasi ufukweni, akaanza kulia kwamba mumewe hajui kuogelea, nasi tukamsaidia kulia. Nilishaanza kupiga hesabu ya mchele wa msiba. Halafu ukatokea mkono wenye kamera, kikafuata kichwa, likafuata tumbo. Alikuwa amesimama. Maji yalimfika mapajani.

Thomasi akamtazama. "Kumbe mzigo una miguu," akasema. "Basi sukuma."

Wakasukuma mpaka ufukweni, wakawa wa mwisho.

Filamu ililowa, picha iliyofaa ikawa moja tu: ziwa limeinama kama chai mkononi mwa mlevi, tanga la wale wengine limejaa tele, na pembeni mdomo wa Thomasi uko wazi. Bwana Patrisi akaigeuzageuza, akataka ikatwe ili maji yakae sawa. Nikodemu, aliyekuwa hajawahi kumjibu mkubwa, akasema, "Ukiyanyoosha maji, bwana, upepo utakuwa umeuondoa."

Meneja akaitazama tena, kisha akamwita fundi wa fremu. Kamera ikabaki shingoni mwa Nikodemu.

Tangu hapo Benedicta wa usafi ameinyoosha kila asubuhi mpaka maji yalale sawa, fremu yenyewe ikabaki kombo, na wageni wakabaki kuinamisha shingo. Thomasi alinuna mwaka mzima. Lakini alipooa, alimwita Nikodemu apige picha. Kwenye lori la harusi akamketisha katikati kabisa, akamwambia asihame.

Mzee Nikodemu, asante. Nenda Qurus ukapumzishe mgongo, ule mahindi ya shamba lako, na Lusia asisikie tena habari za maji isipokuwa ya kisima. Uzee wako uwe wa shibe na amani.

Sasa wewe Clemensi wa mapokezi, shusha hiyo kalenda. Tafuta msumari mrefu, urudishe picha kabla mzee hajaingia ukumbini. Nyoosha fremu, maji yaache yalale upande. Nakuja kukagua nikimaliza kukanda unga.