Nipo? Maisha ya Mwalimu Osea Nzunda na Masomo Yake Yanayosubiri

Marehemu Mwalimu Osea Abrahamu Nzunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Igamba, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Abrahamu Nzunda na mama Rozi Msangawale, wakulima wa kahawa na mahindi, ambao wote wametangulia. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakumngoja mkunga. Mkunga alitoka kwenda jikoni kufuata maji ya moto, aliporudi akakuta kazi imekwisha. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Tabita, aliyemfuata ziwa, na ambaye katika miaka yake yote hamsini na tano hakuwahi kumwona kaka yake akimaliza kikombe cha chai ameketi.

Alisoma shule ya msingi Igamba kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya bweni Mbeya mjini hadi 1976. Alisomea ualimu, na Januari 1979 akaanza kufundisha hisabati. Mwaka 1989 alikwenda chuo kikuu, Dar es Salaam, kusomea shahada ya elimu, akahitimu 1992. Alirudi toka huko na cheti na kinyongo. Siku moja ukumbi ulikuwa umejaa, naye alikuwa anasikiliza somo la takwimu akiwa nje, dirishani. Likapita lori la mchanga, sentensi moja ikampita. Baada ya kipindi alimkimbilia mhadhiri, akamwomba kwa adabu airudie. Mhadhiri alikuwa na haraka zake, akamjibu neno moja tu: "Nimeshasema." Mtu mwingine angesahau kabla ya chakula cha mchana. Osea alikaa na neno hilo miaka ishirini na tatu, na kila alipolitaja mezani ungedhani anamtaja mtu aliyeondoka na ng'ombe wake.

Tarehe 6 Oktoba 1984, katika kanisa la Mbozi Mission, alifunga ndoa na Ipyana Kibona, binti wa Ileje, mshonaji wa nguo. Picha ya harusi iko ukutani nyumbani kwao Vwawa, na mgeni yeyote aliyewahi kuingia pale anaijua. Bibi harusi yumo, msimamizi yumo, wazee wamo. Bwana harusi umo mkono wake mmoja, toka kwenye kiwiko. Mpiga picha aliwaambia watulie, naye akaona kiti cha baba kimekaa upande, akaenda kukiweka sawa. Wifi Ipyana alilia siku ile, baadaye akawa anaicheka kuliko mtu yeyote. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lwitiko na Gibson.

Mwaka 1993 akawa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu nje kidogo ya Vwawa. Kuanzia 2004, kila Jumamosi saa nne, alifundisha takwimu kwa wanafunzi wa chuo kikuu wanaosoma kwa masafa, katika ukumbi wa kukodi kule Mpemba, karibu na mpaka wa Tunduma. Wanafunzi hao walikuwa watu wazima: walimu, wauguzi, mawakala wa forodha, madereva wa malori. Jumamosi hiyo hiyo saa nne, dereva yuko kwenye foleni ya mpakani au ameshavuka anaelekea Kapiri Mposhi, ndani ya Zambia. Jumamosi inayofuata anarudi, anakuta darasa limeshafika mbali, na akiuliza, wenzake wanaguna. Mmoja wao, Boazi, alikuja mwisho wa kipindi na mafuta bado mikononi, akasema ameona bora aache, maana kila akirudi somo limeshamkimbia. Marehemu hakulala vizuri wiki hiyo. Alitembea sebuleni kutwa akisema kwamba kosa si la Boazi, kosa ni la somo lisiloweza kungoja.

Hapo ndipo alipomfuata Habibu Idrisa, ambaye tunaye hapa leo. Habibu alitoka Kondoa kuja kufanya biashara, akafungua banda la video Mpemba, na alikuwa na kamera ya kupigia harusi. Marehemu alimwomba amwazime kamera, na pia amtengee deki moja kila siku kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, mwanafunzi akija aitishe somo analotaka, saa anayotaka, alirudishe nyuma mpaka limkae. Habibu alidhani mwalimu anatania. Kisha akachukua chaki, na kwenye ubao wa banda, chini ya filamu za Kihindi na za ngumi, akaandika: OSEA, MUDA WOWOTE. Marehemu mwenyewe aliyaita Masomo Yanayosubiri, na aliahidi kwamba yatakuwa thelathini.

Wakubwa wake kazini hawakupendezwa. Walimwambia mwanafunzi anayeweza kurudisha nyuma hatasikiliza, na ataacha kuja darasani. Aliwajibu kwamba asiyeweza kuja hana cha kuacha. Ugomvi ule ulichukua miaka, na familia inakiri kwamba hakuwa mtu rahisi kugombana naye.

Kurekodi kulifanyika nyumbani sebuleni, Ipyana akiwa nyuma ya kamera kwa sababu Habibu alikuwa na banda la kuangalia. Kamera ilisimama mahali pamoja. Mwalimu hakusimama. Alianza sentensi mbele ya ubao, akaimalizia dirishani, na kilichobaki kwenye video kilikuwa ukuta na sauti. Ipyana akamtandikia gunia la kahawa sakafuni, akamwambia mipaka yake ni hiyo. Haikusaidia. Ikawa desturi, akiwa katikati ya maelezo ashtuke na kuuliza, "Mama Lwitiko, nipo?" Naye alikuwa akimjibu, "Hupo. Rudi guniani." Wanafunzi wa Tunduma walizoea hayo mpaka wakawa wanasalimiana nayo barabarani. Na siku alipofundisha mkengeuko sanifu, yaani namna ya kupima jinsi vitu vinavyotawanyika mbali na katikati yake, Habibu alisema haoni haja ya mfano ubaoni, mfano umeshatoka nje ya picha.

Mwaka 2009 alipatwa na jambo ambalo lilimtesa kuliko ugonjwa. Boazi, ambaye hakuacha tena masomo, alimpigia simu toka upande wa Zambia, akamwambia kwa heshima kwamba somo la saba lina kasoro. Marehemu akaliangalia. Kweli: katika kutafuta mkengeuko sanifu wa alama za wanafunzi ishirini alizozichukua kama sampuli, aligawanya kwa ishirini badala ya kumi na tisa, kama kanuni ya sampuli inavyotaka. Darasani ungelifuta kosa kama hilo kwa kiganja. Hili lilikuwa limekwisha nakiliwa kwenye CD kumi na nne, nazo zilikuwa zimetawanyika mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alirekodi upya siku hiyo hiyo, akachukua likizo, akazifuata moja moja. Alipita maofisi ya forodha, zahanati, gereji, alivuka mpaka mara tano kwa wiki, akibisha hodi kwa watu wasiomjua na kuwaomba samahani. "Nilisema nataka somo lingoje," alimwambia Tabita, "sikufikiri kwamba na kosa linangoja." Alizipata kumi na tatu. Kama katika waombolezaji yupo mwenye ile ya kumi na nne, familia inamwomba kwa unyenyekevu asiitumie kwenye mtihani.

Mwishoni mwa mwaka 2013 sauti yake ilianza kukwaruza. Alilaumu vumbi la chaki. Februari 2014, Mbeya, aliambiwa ni saratani ya koo. Alitibiwa huko, kisha Dar es Salaam, na kati ya safari moja na nyingine aliendelea kurekodi, kila somo sauti ikiwa imepungua kidogo. Hata aliyeyatazama kwa mfuatano bila kujua habari zake aliliona hilo. Machi 2015 alimaliza la ishirini na tisa kwa kunong'ona. Likabaki moja, linaloyaunganisha yote, na bila hilo mengine ni vipande. Daktari akasema asiongee tena.

Hapa Tabita ana jambo la kukiri mbele ya kaka yake na mbele yenu. Yeye ndiye aliyelificha gunia. Alilikunja, akalitia chini ya kitanda alicholalia pale Vwawa alipokuja kumuuguza, akidhani gunia lisipokuwepo mgonjwa atapumzika. Kaka yake alilitafuta siku tatu, akifungua makabati, akitoka uani na kurudi, akiwa amekonda hivyo, bila kumuuliza mtu. Siku ya nne Tabita alishindwa kumwangalia, akalirudisha. Alikosea, na anajuta zile siku tatu kwa sababu zilikuwa kati ya chache zilizobaki.

Somo la thelathini lilirekodiwa tarehe 9 Mei 2015, saa nne asubuhi, Jumamosi, saa ile ile ya darasa. Mwalimu aliandika ubaoni. Aliyesema ni Ipyana, ambaye shule yake iliishia darasa la saba, lakini alikuwa amesimama nyuma ya kamera masomo ishirini na tisa na alijua kila mahali mumewe alipopenda kutua. Alisema vizuri mno. Katikati ya kipindi aliruka hatua moja, mwalimu akagonga ubao kwa chaki. Akaendelea, mwalimu akagonga tena. Ipyana alikuwa amechoka, hakuwa amelala sawasawa wiki nzima, neno likamtoka: "Nimeshasema, baba Lwitiko."

Video inaonyesha wazi: mwalimu aligeuka, akatazama kamera, mabega yakaanza kumtikisika, na aliyekuwa hajui angedhani analia. Alikuwa anacheka. Ipyana naye anasikika akicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akairudia hatua ile yote toka mwanzo, polepole. Kwa dakika hamsini na mbili marehemu hakutoka kwenye gunia hata mara moja. Mwishoni akafuta ubao, akaandika neno moja kwa herufi kubwa: NIPO?

"Upo," anasikika Ipyana. "Leo upo wote."

Mwalimu Osea alifariki nyumbani Vwawa tarehe 11 Juni 2015, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba. Alikuwa ameomba kwa ishara ageuzwe upande wa dirisha. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, ndugu watatu, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu kwa sababu wengi hakuwahi kuonana nao. Masomo yote thelathini yako kwa Habibu, kwenye CD na kwenye memori kadi, na ubao wa banda haujafutwa.

Jana mchana Habibu alileta deki msibani, akiwa ametayarisha la thelathini, ambalo mwalimu anaonekana mwanzo hadi mwisho. Mjane alikataa. Aliomba la tisa, ambalo dakika kumi na moja ni ukuta mtupu. Tulikaa tukautazama ukuta, tukasikia viatu vyake vikienda huku na huku, na ile sauti yake nzima, ya kabla ya ugonjwa, ikauliza, "Mama Lwitiko, nipo?" Na sauti ya Ipyana, changa kuliko hii aliyo nayo leo, ikamjibu, "Hupo. Rudi."

"Habibu, mwanangu," akasema wifi, "rudisha nyuma kidogo."

Habibu alirudisha mara nne.

Bwana amtulize Mwalimu Osea, kwa amani ambayo sisi wote tulijaribu kumpa tukashindwa.