Mjane Mmoja na Namba 73,939,133

Marehemu Mwalimu Kigawo, kama wanafunzi walivyombatiza, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, nyuma ya kiwanda cha sabuni alikofanya kazi baba yake. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Mama yake alisimulia kwamba alichelewa kuongea, na alipoanza, alianza na ubishi.

Alisoma shule ya msingi hadi 1974 na sekondari hadi 1980, kisha akajiunga na chuo cha ualimu. Huko ndiko alikokutana na 73,939,133. “Walikutana kabla yangu,” husema mjane, kwa sauti ya mtu anayemtaja hawara.

Alifundisha hisabati kuanzia 1983 hadi 2021. Kila darasa jipya aliliandikia namba hiyo ubaoni: namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kisha alifuta tarakimu ya mwisho kwa kidole gumba. 7,393,913: tasa. Akafuta nyingine. 739,391: tasa. Hivyo hivyo mpaka ikabaki saba peke yake, nayo tasa. “Na hakuna kubwa kuliko hii yenye tabia hiyo!” alitamba, akijipangusa chaki kwenye suruali ambayo hakuifua yeye.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Miaka kumi baadaye, mkewe aliikuta namba hiyo kwenye mfuko wa shati. Akaipigia simu. Akaambiwa haipo.

“Haipo vipi, na iko mfukoni kwa mume wangu!”

Marehemu alipomweleza ukweli, ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

“Mwanamke ningemvizia sokoni tukamalizana,” alimlalamikia wifi yake. “Hii nitaikuta wapi? Haizeeki, haiombi nguo, na ukiikata inazidi kupendeza!”

“Shukuru, wifi. Angalau haizai.”

Novemba 2023 marehemu alipatwa na kiharusi. Majina ya watoto yakamponyoka. Siku yake ya mwisho, muuguzi alimuuliza, “Baba, huyu aliyeketi hapa ni nani?” Akamtazama mkewe, akajibu: “Saba tatu tisa tatu tisa moja tatu tatu.”

Mkewe alitoka wodini bila kuaga. Akarudi na kalamu, akaketi kando ya kitanda na kuanza kuigawanya nyuma ya bahasha ya dawa, akiapa kuiaibisha mbele ya mpenzi wake. Alipojaribu kumi na saba, marehemu alifumbua macho.

“Imebaki ngapi?”

“Kumi na tatu. Ina kiburi hii!”

“Haigawanyiki, mama watoto.”

“Na mimi je?”

Alimshika mkono. Ila aliushika ule wenye kalamu, na mjane hadi leo hajui kilichoshikwa ni yeye au ni hesabu. Marehemu alifariki hivyo hivyo, tarehe 3 Februari 2024, saa kumi alasiri.

Ameacha mjane mmoja (mjane ameagiza neno “mmoja” lipigiwe mstari), watoto wanne na wajukuu tisa. Wanafunzi wake waliomba namba ichongwe kwenye jiwe la kaburi, chini ya jina lake. Mjane amekataa.

Apumzike kwa amani, na ijulikane kwamba nafasi ya pembeni yake ina mwenyewe.