Eckehard Lehnigk, Aliyeendelea Kuipangia Rebnau Mechi

Mzee Eckehard Lehnigk alizaliwa tarehe 3 Februari 1941 katika kijiji cha Rebnau, nyumba ya tatu kutoka kanisani, mtoto wa kwanza wa mwashi Traugott Lehnigk na mkewe Hedwig. Anayetaka kuiona nyumba hiyo leo itambidi apige mbizi. Rebnau ilibomolewa ili makaa ya mawe yaliyokuwa chini yake yachimbwe, na shimo lililobaki limejazwa maji, limekuwa ziwa. Mdogo wake, Arnfried, alizaliwa mwaka 1946.

Alisoma shule ya kijijini, vyumba viwili na jiko moja la kuni, mpaka darasa la nane mwaka 1955. Mpira hakuujua kabisa. Wenzake walimweka pembeni ahesabu mabao, naye akayahesabu bila kupendelea hata timu ya nyumbani. Siku moja Rebnau ilifungwa tisa, na Arnfried ndiye aliyekuwa golini.

"Kaka, si upunguze hata moja?" aliomba njiani.

"Yote uliyafungwa, mdogo wangu. Yote nimeyaona."

Mwaka 1957 aliajiriwa mgodini kuwa karani wa ratiba za treni za makaa. Kazi hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye ligi. Ligi yetu ya wilaya ilianza mwaka 1952 na timu nane: za wachimba makaa, wapuliza vioo na wakulima waliokwenda ugenini wamesimama kwenye tela la trekta. Hata hivyo kila msimu timu mbili zilijikuta uwanja mmoja saa ile ile, zikigombania nyavu. Mwaka 1968 viongozi wa ligi wakamwendea. Mtu anayepanga treni mia moja zisigongane, walisema, hawezi kushindwa na timu, ambazo sasa zilikuwa zimefika kumi na nne. Aliipanga ratiba hiyo miaka hamsini na minne. Jumapili jioni kila klabu mwenyeji ilimpigia simu nyumbani kumpa matokeo, naye akayaandika kwa wino kwenye daftari lenye jalada la kijani. Hakuna aliyewahi kumwona akifuta.

Tarehe 18 Juni 1966 alimwoa Bi. Roswitha Schimko wa Dornitz. Tarehe hiyo aliitafuta mwenyewe kwenye kalenda, iwe baada ya msimu kwisha na kabla ya mechi za kirafiki kuanza. Baba mkwe aliposikia alimuuliza, "Kijana, umekuja kumwoa binti yangu au kumpangia ratiba?" Walijaliwa watoto wawili, Ines na Falk.

Aliyosema marehemu kuhusu mwaka 1984, ameagiza yasomwe hapa, na familia haikuyapunguza.

Msimu ule ulikuwa wa mwisho kwa Rebnau. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kuhamishiwa mjini, kwenye majengo ya ghorofa, lakini timu yao iliongoza ligi, pointi moja mbele ya Dornitz. Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, dhidi ya Dornitz hao hao, Jumapili tarehe 20 Mei. Sare tu ingewatosha kuwa mabingwa. Arnfried alikuwa nahodha, bado yuko golini. Siku tatu kabla ya mechi, mkuu wa marehemu kazini alimwita akamwambia hataki umati mahali ambapo mashine zilikuwa zimekwisha kufika. Marehemu aliwapigia Dornitz simu, akasema, "Uwanja umefungwa, msisumbuke." Rebnau hakuwaambia lolote. Jumapili jioni, simu za kijijini zikiwa zimekwisha kukatwa, akaandika kwenye daftari: *Rebnau hawakutokea. Pointi mbili Dornitz.* Dornitz wakawa mabingwa, na kombe lingali ukutani kwao. Wao hawakujua, na hawana kosa.

Baada ya hapo Arnfried hakuongea na kaka yake miaka thelathini na tisa. Kwenye mazishi ya mama yao alisimama ng'ambo ya kaburi.

Ligi ikaendelea na timu kumi na tatu. Idadi ikiwa witiri, kila wiki timu moja hukosa wa kucheza naye, na kwenye ratiba huandikwa kwamba inapumzika. Marehemu hakuandika hivyo. Aliandika Rebnau. Watu walidhani ni masihara ya mtu anayekikumbuka kijiji chake, wakayazoea.

"Jumapili mna nani?"

"Rebnau."

"Poleni. Hao hawajafungwa tangu themanini na nne!"

Ukuta uliokuwa umeigawa nchi yetu ukaanguka, vijana wakaenda magharibi kutafuta kazi, vijiji viwili vikawa vinaunganisha timu moja ili wapatikane kumi na mmoja. Mpangilio wa ligi ukabadilishwa mara tatu. Rebnau ikabaki kwenye ratiba kila ilipopatikana nafasi, mpaka mwaka 2022, kazi ilipohamishiwa kwenye kompyuta, ambayo haikubali timu isiyo na wachezaji.

Majira yale ya baridi alianza kukohoa. Daktari alisema ni mapafu. Lakini kilichomsumbua zaidi ni sauti ya njumu. Alizisikia mchana kweupe, chuma kikigonga mawe ya uani, watu wakitoka kubadili nguo na kwenda uwanjani.

"Roswitha, funga dirisha. Wanapita."

"Nani anapita, mume wangu? Uani hakuna hata paka."

"Hesabu wewe, basi. Mimi kila nikihesabu wanatimia."

Kuanzia Septemba alikuwa akimwomba mkewe jambo moja tu: Arnfried aje kabla hajafa. Bi. Roswitha aliandika barua nne. Jumapili tarehe 5 Novemba 2023, saa nane mchana, Arnfried aligonga mlango. Hakuvua koti.

"Keti kwanza, shemeji, kahawa iko tayari."

"Sikuja kunywa kahawa, shemeji. Nina swali moja kisha niondoke." Akamgeukia mgonjwa. "Siku ile tulikuwepo. Tumevaa jezi, tukasubiri mpaka jua likazama. Je, ulijua?"

Marehemu alitafuta pumzi. "Niliwaona," alisema. "Nilipita na gari barabara ya juu saa tisa na robo. Mlikuwa mmejipanga kwenye mstari wa kati, nusu nyingine ya uwanja imekwisha kuchimbwa. Wewe ulikuwa umevaa glavu. Nikakanyaga mafuta."

"Tulikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja. Nilihesabu."

Ndipo Arnfried akakaa, si kwenye kiti, bali pembeni ya kitanda. "Miaka yote hii nimewaambia wenzangu, huenda kaka hakujua. Nilikutetea, mpumbavu mimi. Sikuja kukuuliza kwa sababu niliogopa utanijibu."

Marehemu aliomba daftari. Bi. Roswitha akamshikia kiwiko. Aliukata kwa kalamu mstari ule wa mwaka 1984, akaandika mwingine chini yake.

"Humu chumbani mstari huo utamsaidia nani?" Arnfried aliuliza. "Saba kati yetu wamekwisha kufa."

"Usomwe siku ya mazishi yangu. Vilabu vyote vitakuwepo."

"Utaaibika."

"Nitakuwa nimelala."

Arnfried alikaa pale mpaka taa za barabarani zikawashwa.

Mzee Eckehard alifariki Jumatano tarehe 8 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Analazwa leo katika safu walikohamishiwa wafu wa Rebnau, karibu na wazazi wake.

Mstari alioandika ni huu: *Tarehe 20 Mei 1984 Rebnau walitokea, wachezaji kumi na mmoja. Dornitz hawakuja kwa sababu niliwaambia wasije. E. Lehnigk.*

Ameacha mjane, Bi. Roswitha, watoto, Ines na Falk, mjukuu, Jette, na mdogo wake, Arnfried, aliyesimama leo upande huu wa kaburi. Arnfried hajasema kwamba amesamehe, na familia haitamsemea.

Apumzike kwa amani, wale saba waliomtangulia wakimruhusu.