Ataa Sowah na Sakafu Ambayo Hakuimwaga

Tarehe 30 Juni, Ataa Sowah Adjetey anakabidhi funguo zake baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza majengo ya kiwanda chetu cha samaki hapa Tema. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kijitabu hiki cha hafla, na nimeombwa pia niwe mchangamfu. Nitajaribu. Lakini nina hasira, na msomaji aniwie radhi, kwani sijui pa kuificha.

Alianza kama msaidizi wa fundi bomba, kijana mwembamba aliyependa kuimba akiwa chini ya sinki. Baadaye akakabidhiwa sakafu, kazi ambayo wengine waliikimbia. Asiyewahi kufanya kazi kwetu hawezi kujua sakafu ni nini. Chumvi, mafuta ya samaki, maji ya moto na magurudumu ya toroli hulila zege kutwa nzima. Likipasuka, magamba yanajaa kwenye nyufa na mkaguzi anafunga kiwanda. Ndiyo maana tunalifunika kwa epoksi, gundi nzito inayomwagwa kama uji na kukauka ngumu kama jiwe, na ndiyo maana ni lazima apatikane fundi wa kweli wa kuimwaga.

Kumpata fundi huyo ndiko kulikompa Ataa jina. Hakusoma vipeperushi. Kila mkandarasi aliyeomba kazi alitakiwa kumpeleka kwenye sakafu aliyoimwaga zamani, na Ataa alipofika huko hakuzungumza na mwenye jengo. Alimtafuta mfagiaji. Alisema mwenye jengo huona rangi, mfagiaji huona nyufa. Yupo bwana mmoja aliyekuja na picha za sakafu nyekundu inayong'aa, akaapa kwamba ni kazi yake ya hapahapa jirani. Ataa alizitazama kwa adabu, kisha akamuuliza hiyo theluji inayoonekana dirishani iliangukia mtaa gani. Yule bwana alisahau hata mwavuli wake.

Kwa njia hiyo alitupatia mafundi wa karibu: mama mmoja hodari wa Ashaiman, mzee mmoja wa Kpone, na Borketey wa Tema Manhean, ambaye sakafu yake ya chumba cha barafu tumeikanyaga miaka tisa bila kuona hata ufa. Wakiharibu, unajua mlango wa kubisha. Hilo peke yake lilikuwa dhamana tosha.

Sasa nifike kwenye jambo nililoshauriwa niliruke.

Mwezi Machi chumba chetu cha kukatia samaki kilihitaji sakafu mpya. Borketey alikubali kazi, lakini mji ulikuwa umeingia katika ukimya wa kabla ya Kplejoo, sikukuu yetu ya jadi, wakati mila inapopiga marufuku kelele. Ngoma zimenyamaza, hata makanisa yamepunguza sauti, na mashine ya kusaga zege inapiga kelele ya kuamsha wafu. Borketey alisema tusubiri marufuku iondolewe ndipo asage. Meneja wetu mkuu, Bwana Gyimah, akasema wanunuzi wa ng'ambo wanakuja na hawezi kusubiri. Ataa alimwendea ofisini nami nikiwapo.

“Meneja, zege lile limenywa mafuta miaka na miaka. Usipolisaga, utakuwa unapaka rangi juu ya samaki.”

“Mzee, sikuajiri mafundi waje kunisomea kalenda ya sikukuu.”

Akaleta kampuni ya mbali, yenye gari jeupe na vijana wenye sare. Hawakusaga. Waliosha zege kwa asidi, wakamwaga epoksi, wakapiga picha, wakaondoka. Ilimetameta kama sahani ya harusi. Ataa alifunga kamba mlangoni akatuomba tusiikanyage. Bwana Gyimah aliikata kamba kwa mkono wake mwenyewe na kusema asiyetaka kuingia aende nyumbani. Tukaingia. Tuna watoto.

Kufikia Mei sakafu ilikuwa imevimba malengelenge, kisha ikaanza kubanduka vipande vipande. Adjeley, mkata samaki hodari kuliko wote niliowahi kuwasimamia, alikanyaga kipande kilicholegea akiwa amebeba sinia la samaki wa moto waliotoka tu kupikwa. Mkono wake wa kulia ulivunjika na kuungua. Ndio mkono unaoshika kisu. Mpaka leo vidole viwili havikunjiki.

Wiki ileile tuliitwa kantini. Bwana Gyimah alisimama akasema masuala yote ya sakafu ni ya idara ya Ataa Sowah, na kwamba umri humfika kila mtu. Hivyo ndivyo alivyosema. Ataa alichukua kofia yake akatoka. Nilimfuata nje nikimfokea ajitetee, Mungu anisamehe, mtu aliye rika la baba yangu. Akanijibu taratibu: “Akweley, nikimtaja yeye, ataitaja mila yetu kuwa ndiyo chanzo. Na hakuna fundi wa Manhean atakayeingia tena humu na mashine yake.”

Ofisi ilimpelekea Adjeley kapu la matunda. Ataa alikwenda mwenyewe, akavua kofia mlangoni, akaomba radhi kwa kosa la mtu mwingine. Adjeley hakumwacha amalize.

“Ataa, wewe ulifunga kamba. Aliyeikata namjua.”

Nilidhani mambo yangeishia hapo, mzee aondoke na aibu isiyo yake. Nilikosea. Mkaguzi ameagiza sakafu ile ing'olewe na kumwagwa upya, la sivyo chumba kifungwe. Kampuni ya gari jeupe haipokei simu. Bwana Gyimah akamtuma mtu kwa Borketey, na Borketey akajibu kwamba atakuja siku akina mama wa chumba cha kukatia watakapoambiwa, mbele ya macho yao, nani aliagiza sakafu ile. Akatuma Ashaiman, akapewa jibu lilelile. Mzee wa Kpone alisema ana mafua, akapiga chafya moja ya heshima. Hakuna aliyewaita kikao. Kila mmoja alikumbuka tu nani aliyembishia mlango kwanza na kumpa kazi.

Kwa hiyo ratiba ya leo ina kipengele kipya. Baada ya sala na kabla ya mlo wa kenke na samaki, kuna Neno la Meneja. Ameniambia atasema. Hajaniambia atasema nini. Gari la Borketey litaegeshwa nje ya geti likiwa na mashine ya kusaga, na injini haitazimwa. Sisi wa chumba cha kukatia tumekubaliana kuweka mikono kwenye aproni. Hatutapiga makofi kwa mashairi wala kwa saa ya ukutani atakayozawadiwa Ataa. Tutapiga makofi tukisikia ukweli, na asipousema, makofi yetu tutarudi nayo nyumbani.

Ataa, umetuhangaikia sana, na leo ndiyo tunakushukuru kwa sauti. Pumzika kwa afya, ulee wajukuu, uimbe utakavyo. Adjeley ameomba kiti kando yako, upande wa mkono wake mzima, ili ukisimama akushike. Tunakuombea siku nyingi njema, na popote uendapo mguu wako usiteleze.

Akweley Tagoe
Msimamizi, Chumba cha Kukatia Samaki