Historia ya Menna Beddoe, aliyepoteza gari kwa kumpa mgeni chai

Ndugu, majirani na marafiki mliopanda mlima huu kwenye mvua hadi kanisani kwetu, familia inawashukuru, na imeniomba mimi, mdogo wake Gethin, nisome maisha ya marehemu kama alivyotaka yasomwe, yaani bila kumfanya malaika na bila kumwonea huruma, maana huruma alikuwa haitaki hata akiwa hai.

Menna alizaliwa tarehe 9 Februari 1966 mjini Tredegar, mtoto wa kwanza wa Haydn Prosser, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Eirwen, akazaliwa kwa shida na kuchelewa kuvuta pumzi, jambo lililomwachia miguu iliyokakamaa, hivyo maisha yake yote alitembea kwa magongo ndani ya nyumba na kwa kiti cha magurudumu nje. Mwaka 1971 alipelekwa shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu huko Cardiff, walikomfundisha kusuka vikapu, kazi aliyoichukia, mpaka siku moja akamwambia mwalimu mkuu, "Kwetu watu wanabeba vitu kwa mifuko," wakamhamishia darasa la kupiga chapa, akamaliza na cheti mwaka 1982.

Tarehe 7 Machi 1983 aliajiriwa katika kiwanda cha serikali cha watu wenye ulemavu, kilichoshona sare za wauguzi, akapanda kutoka mshonaji hadi msimamizi wa zamu, na alizoea kusema kwamba raha ya kazi si mshahara peke yake, ni kuwa na watu wa kuwasengenya. Tarehe 15 Juni 1991 alifunga ndoa na Clive Beddoe, fundi wa kuchomelea vyuma, wakajaliwa binti mmoja, Nerys, tarehe 2 Oktoba 1993. Clive, mtu wa maneno machache, alimjengea rafu zilizofuatana kutoka jikoni hadi sebuleni, ili mkewe ajishikilie kwa mkono mmoja na kusogeza kikombe kwa mwingine, rafu hadi rafu.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2012, serikali ilipoacha kukigharamia ikisema walemavu waende kwenye ajira za kawaida kama watu wengine, na wengi wa wenzake wako nyumbani hadi leo, lakini Menna hakuwa mtu wa kukaa bure, na Aprili 2013 akapata kazi ya kupokea simu katika ofisi ya matengenezo ya nyumba za kupanga, upande wa pili wa mlima, akienda na kurudi kwa gari la kuendeshwa kwa mikono tu, bila miguu, alilolipata kupitia posho yake ya ulemavu.

Tarehe 21 Juni 2016 alikuja nyumbani mkaguzi, msichana mpole wa kampuni iliyopewa kazi ya kuwapima walemavu upya, kwa kuwa posho zilikuwa zimebanwa, na aliyeweza kutembea zaidi ya mita ishirini hakustahili gari tena. Sasa nyinyi mnajua kwetu mgeni haachwi hivi hivi. Menna alivaa blauzi yake ya kanisani, akamwambia, "Kaa, mwanangu, umetoka mbali," akainuka, akasogeza vikombe viwili vya chai rafu hadi rafu, kisha sahani ya vikeki vya zabibu, huku Clive akimkonyeza akae, naye akimjibu mbele ya mgeni, "Acha ushamba, Clive." Msichana alikunywa, akasifu vikeki, akaenda kuandika kwamba mhusika anatembea hadi jikoni na kurudi na vinywaji bila msaada, wala hakuandika kwamba kesho yake Menna alishindwa kutoka kitandani, kwa sababu hakuwapo kuona, na sisi hatukufikiria kumwambia.

Gari lilichukuliwa tarehe 12 Septemba. Basi la kuvuka mlima lina nafasi moja tu ya kiti cha magurudumu, na mara nyingi lilikuja limejaa vigari vya watoto, dereva akisema, "Subiri linalofuata, mama," hivyo alichelewa, akaonywa, akachelewa tena, na tarehe 27 Januari 2017 akaachishwa kazi. Baada ya hapo ofisi ya ajira ikaanza kumwita, imuulize anafanya juhudi gani za kupata kazi. "Nilikuwa nayo," alimjibu karani, "mmeichukua nyinyi," akatoka nje, akalia, na sisi nduguze tulikuwa hatujamwona akilia tangu mama azikwe.

Alikata rufaa, na Machi 2018 jaji alipomuuliza kwa nini aliinuka ilhali miguu inamuuma, alisema, "Mheshimiwa, nimwache mtoto wa watu na koo kavu?" Akashinda, gari likarudi, lakini kiti chake kule ofisini kilikuwa kimeshakaliwa na mtu mwingine. Aliomba kazi kila alikosikia kuna nafasi, pamoja na ile ya ofisi ya ghorofani isiyo na lifti, ambako aligoma kuondoka hadi waajiri wakateremka wenyewe, wakamhoji kwenye kona ya kuwekea miavuli, wasimwajiri. Hilo lilimuuma kuliko miguu, na hakulificha.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, naye akaendelea kuomba kazi, na Nerys alipomuuliza ya nini sasa, alijibu, "Kufa hakunichukui siku nzima." Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Novemba, akiwa na miaka 58. Familia haisemi kwamba kubanwa kwa posho ndiko kulikomuua, aliyemuua ni saratani, ila miaka yake ya mwisho ya kufanya kazi ilichukuliwa pamoja na lile gari, na haikurudi nalo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotuletea chakula, na wenzake wa kiwandani, ambao naona wamejaza safu tatu za mbele na wameshaanza kusengenya.

Clive alipokwenda kuandikisha kifo, msajili alimuuliza kama aandike kwamba marehemu hakuwa na kazi. Clive alisema, "Alikuwa karani wa simu. Andika hivyo, nitasimama hapa mpaka uandike." Imeandikwa.

Lala salama, dada, kazi umeifanya.