Harufu Niliyoitafuta Kwenye Ndoo ya Nyama

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu wa kikundi chetu cha wagonjwa wa sukari, mwangaluka. Mnisamehe, nitasema nikiwa nimekaa. Mwenye tumbo jepesi azibe masikio, maana haya yananitia kinyaa hata mimi mwenyewe.

Miaka kumi nilikaanga chipsi na nyama kule machimboni, upande wa Bulyanhulu. Mafuta yangu sikuyamwaga. Yakipungua naongeza, mpaka yakawa mazito kama oili chafu ya pikipiki. Asubuhi nakuta mende wanaelea, nawaopoa kwa kijiko, nawasha moto. Ndugu zangu, nawaambia, na mimi nilikula humo humo! Chipsi asubuhi, chipsi mchana, soda nne au tano, kutwa nimekalia stuli. Nikanenepa. Wachimbaji wakanisifu: "Mama Kulwa, pesa imekukubali!" Nami nacheka, kidevu kinang'aa mafuta.

Kisha kiu ikawa haikatiki, na mkojo kila saa. Chooni nilikokojoa sisimizi walijipanga. Niliwaona. Nikawamwagia maji, basi.

Siku moja mafuta ya moto yakanirukia kidole cha mguu. Sikusikia maumivu, nikashukuru. Nikafunga kitambaa, nikavaa soksi na kiatu, nikaendelea kuuza.

Baada ya kama wiki mbili, kibanda kikaanza kunuka. Mteja mmoja akasukuma sahani. "Mama, nyama yako imeoza."

Nikainusa; ilikuwa nzima. Hata hivyo nikamwaga ndoo yote, nikasugua meza, nikatafuta panya aliyekufa uvunguni. Harufu ikazidi. Nzi wakawa wananifuata mimi, si nyama. Mdogo wangu, niliyekuwa nikiuza naye, akanitazama.

"Dada, vua kiatu."

"Cha nini?"

"Vua, dada."

Soksi ilitoka na ngozi. Funza wakadondoka chini, weupe, wanene, mbele ya watu wanaokula. Yule mteja alitapika pale pale. Na mimi, wenzangu, nilikuwa sisikii hata kuwashwa. Nilikuwa naoza nikiwa hai, huku nawapakulia watu chakula.

Hospitali walinikata vidole viwili. Daktari akauliza, "Kwenu kuna mwenye sukari?" Nikasema mama alikuwa nayo. Akatikisa kichwa. "Si kila alaye hivi huugua. Lakini wewe ilikuwa mlangoni, na kila siku ulikuwa unaikaribisha ndani. Sasa imekuulia hisia za miguu."

Mwaka uliofuata ulikuwa vita. Dawa, ugali kidogo wa mtama, mlenda, nsansa ya majani makavu ya kunde, na kidonda kilipofunga, kutembea kila asubuhi hapa Kagongwa. Mara mbili nilinywa soda nimejificha nyuma ya nyumba kama mwizi, nikajichukia. Nikaanza upya. Leo vipimo vyangu vimetulia, na mguu ninao.

Namshukuru mdogo wangu, ambaye hakuona haya kuniambia. Namshukuru muuguzi aliyenisafisha kila siku bila kukunja pua. Nanyi mlionipokea nikiwa bado nanuka, Mungu awalipe.

Ninaloomba ni hili: pimeni kabla hamjaumwa. Na ukimwona ndugu yako anajiharibu, usimsifu unene. Mwambie, hata akinuna. Aliyenuna atarudi, vidole havirudi.