Mwenyekiti Aliyehama Mlolongo: Kumuaga Phelister Nakhumicha

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Bi. Phelister Nakhumicha, nyapara wa wafagiaji katika Depo ya Usafi ya Kisima, atarudisha koti lake la kazi stoo na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wengi wenu mnamjua kwa jina la kifungua mimba wake, Mama Patrobas. Vijana wa Kayole humwita Mathe wa Fagio, yaani mama wa fagio kwa lugha yao. Sisi wa zamani tunamwita Mwenyekiti, ingawa uenyekiti wenyewe aliuacha kitambo, na namna alivyouacha ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Anayeandika ni Nyamai, dereva wa lori la taka. Nilifanywa mhariri wa jarida hili la tawi kwa sababu siku ya kuchagua mhariri sikuwapo kujitetea. Basi mkiona makosa, mvumilie kama mnavyovumilia breki zangu.

Phelister aliletwa Nairobi na ndoa. Mumewe, marehemu Gordon, alikuwa mfanyakazi wa reli, na walianza maisha katika chumba kimoja Kaloleni, mtaa ambao hajauhama hadi leo. Alipokuja kuomba kazi hapa alichukuliwa kama kibarua, na kibarua wa miaka ile alijua kitu kimoja tu, kwamba ameitwa langoni asubuhi hiyo. Usipoitwa, unarudi nyumbani na fagio lako. Alifagia Jogoo Road, akafagia masoko, akapelekwa Mathare kwenye mitaro ambayo wanaume waliikimbia. Kazi yake ilikuwa safi mno hata akafanywa nyapara, ila nyapara kibarua. Alikuwa akiwapangia wenzake kazi ya kesho huku naye hajui kama kesho ataitwa.

Ukali wake hamhitaji kuelezwa. Siku moja lori langu lilidondosha taka Spine Road, kuanzia stendi hadi karibu na kanisa, nami nikaendelea na safari kana kwamba sikuona. Niliporudi depo alininyang'anya funguo, akanipa fagio, akanipeleka mwenyewe. Nilifagia mbele ya wateja wote wa vibanda, na mama mmoja wa mboga aliniuliza kama nimeshushwa cheo. Tangu siku hiyo nafunika lori turubai hata likiwa tupu.

Na vijana wanaomwamkia "Niaje, Mathe" huwa hawapiti hivi hivi. Phelister husimama, akaegemea fagio, akawasubiri mpaka wamwamkie vizuri na kumweleza mama zao wanaendeleaje. Wengine nimewaona wakivuka barabara ili wasikutane naye, lakini hao hao ndio humbebea mzigo akitoka sokoni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Miaka ile vibarua wa depo hatukuwa na chama cha wafanyakazi. Tulikuwa na Umoja wa Fagio, kikundi cha kufaana ambacho Phelister alikianzisha na kukiongoza. Mtu akifiwa, Umoja ulifika kabla ya jamaa zake. Ulikuwa na hema, viti na sufuria, na ulisafirisha marehemu wetu hadi Kimilili, hadi Mwingi, hadi popote walipozaliwa. Phelister alijua nyumba ya kila mmoja, jina la mke, na nani hali nyama gani. Hakuna aliyezikwa kama mbwa chini ya uongozi wake, na alijivunia jambo hilo kwa haki kabisa.

Ndiyo maana chama cha kitaifa cha wafanyakazi kilipoanza kutuma watu wake hapa kutushawishi tujiunge, mpinzani wa kwanza alikuwa yeye. Hoja yake ilikuwa nzito, sitaki kuipunguza. Alisema watu wa ofisi za mjini watatujua kwa namba tu, na siku mtu akifiwa watatuma salamu za pole. Alisema Umoja ukimezwa, hautatapikwa. Mweka hazina wake, Musyoka, aliunga mkono kila neno. Mimi nilikuwa upande wa kujiunga, na tulibishana na Phelister karibu kila siku wakati wa chai. Kwa kweli alikuwa akinishinda.

Kisha Mbaluka akaumia. Nyinyi wageni mnamjua Mbaluka kama mzee wa stoo mwenye maneno mengi. Wakati huo alikuwa kijana wa mitaro, mwenye nguvu, baba wa mtoto mchanga. Asubuhi moja Phelister alimpanga kuzibua mtaro Mathare. Gambuti hazikuwapo, kama kawaida, na Mbaluka akaingia na raba zake. Alikanyaga chupa iliyovunjika chini ya yale maji meusi. Kidonda kiliharibika haraka, na hospitalini mguu ukakatwa chini ya goti.

Umoja ulifanya kila uliloweza. Phelister alikuwa hospitalini kila jioni na chakula, na mke wa Mbaluka, Kaluki, hakulala njaa hata siku moja. Mbaluka alipoanza kutembea kwa magongo alirudi depo kuomba kazi yoyote ya kukaa. Akaambiwa langoni kwamba kibarua asiyeitwa hana kazi ya kurudia. Hakukuwa na fidia wala maelezo. Kwa lugha ya ofisi, hakuwahi hata kufukuzwa.

Phelister aliumia kuliko tulivyodhani mtu anaweza kuumia kwa ajili ya mwingine. Yeye ndiye aliyempanga mtaro ule, na ingawa hakuna aliyemlaumu, alikoma kuzungumza wakati wa chai. Mwishowe alivaa nguo zake za Jumapili, akamchukua Musyoka, wakaenda kumwona meneja wa wakati huo. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa wote wawili, na hawakutofautiana. Meneja aliwapokea kwa heshima, akaagiza chai, akamsikiliza Mwenyekiti mpaka mwisho. Halafu akamuuliza kwa upole:

"Mama, nyinyi si ni chama ya matanga? Sasa Mbaluka hajakufa."

Akaeleza kwamba kikundi cha kufaana hakina mamlaka ya kujadili ajira ya mtu, na kwamba siku ya msiba mlango wake utakuwa wazi. Hakuwa anawatukana. Alikuwa anasema kweli, na nadhani ndiyo maana ilimchoma Phelister hivyo. Walimaliza chai wakaondoka. Musyoka alitoka amekasirikia meneja. Phelister hakusema amekasirikia nani.

Wiki iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kuamua kama tutajiunga na chama cha kitaifa. Tulikutana katika ukumbi wa Kaloleni, na tukakubaliana kupiga kura kwa mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya upande wake aonekane. Mlolongo wa Ndiyo ulipangwa kando ya madirisha na mimi nikasimamishwa mbele. Mlolongo wa Hapana ulikuwa upande wa jukwaa, mbele Mwenyekiti, nyuma yake Musyoka, na nyuma ya Musyoka watu wengi mno hata mkia ukatoka nje ya mlango. Wangu ulikuwa wa kuaibisha. Baadhi ya waliosimama nyuma yangu walikuwa wakitazama chini.

Kabla ya kuhesabu kuanza, Phelister alitoka pale mbele. Tulidhani anataka kusema neno la mwisho jukwaani. Akalipita jukwaa, akaupita mlolongo wangu wote taratibu, akaenda kusimama mwisho kabisa, nyuma ya msichana aliyeajiriwa mwezi ule. Musyoka, aliyejikuta mbele bila kutaka, alimwita akamuuliza anafanya nini. Akajibu kwa sauti ya kawaida, lakini wote tulisikia:

"Nimechoka kusaidia watu wakishakufa. Huyu wetu ako hai."

Halafu akina mama wa soko wakaanza kutoka, mmoja, kisha wawili, wakajipanga nyuma yake. Si wote waliohama. Wengine walimwona msaliti na wakatoka nje kwa hasira kabla ya kuhesabiwa. Musyoka alibaki pale alipokuwa na watu wake, na ninamheshimu kwa hilo. Tulipita kwa kura chache.

Sasa, vijana mnaouliza katika kundi letu la WhatsApp kwamba chama kinawasaidia nini, someni polepole. Katibu wa chama alikuja depo na wakili wiki ile ile tuliyosajiliwa. Meneja yule yule aliagiza chai ile ile, lakini safari hii hakuwa na la kusema kuhusu matanga, kwa sababu sheria ilimlazimu kuzungumza. Suala la Mbaluka lilikwenda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, na kumalizikia huko. Alilipwa fidia, akapewa mguu wa bandia, na akarudishwa kazini, stoo. Siku ya kwanza aliyoripoti, Phelister alisimama langoni alfajiri akimngojea. Alipomwona anakuja, alianza kulia kabla hajafika, na hakujificha.

Baadaye ukaja mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri. Vibarua wa miaka mingi tuliingizwa kwenye ajira ya kudumu, Phelister na mimi tukiwamo. Zikaja gambuti, glavu na chanjo ya pepopunda. Mukami, mfagiaji mwenzetu, ambaye kwa mimba yake ya kwanza alifagia barabara hadi wiki ya kujifungua, kwa ya pili alikaa nyumbani kwa likizo yenye mshahara, akatuletea mtoto tumwone. Hivi mnavyovichukulia kuwa vya kawaida, hakuna hata kimoja tulichopewa kwa huruma ya mtu. Na leo mkitaka kuingia mtaroni bila gambuti, Mbaluka hawapi koleo hata mumwite nani. Mnamnung'unikia. Endeleeni kumnung'unikia, lakini vaeni.

Nisidanganye kwamba hatukupoteza kitu. Phelister alijiuzulu uenyekiti wa Umoja siku iliyofuata ile kura, kwa kuwa aliona hawezi kuongoza watu aliowaacha kwenye mstari. Hakugombea cheo katika tawi letu jipya la chama pia. Alikubali tu kuwa mwakilishi wa wafagiaji, kazi ya kusikiliza malalamiko na kutukanwa. Musyoka hakumsemesha kwa muda mrefu. Na yale aliyoyahofia hayakuwa ya uongo. Umoja upo, lakini umepungua. Siku hizi mtu akifiwa wengi hutuma mchango kwa simu na hawafiki. Phelister hulisema hili kwenye kila mkutano wa tawi, na ofisi ya mjini imejifunza kumsikiliza, maana hamalizi mpaka asikilizwe. Yeye na Musyoka wamepatana zamani, ingawa hawajakubaliana. Musyoka ndiye atakayesimamia jikoni siku ya sherehe ya kumuaga, na ameomba asisaidiwe.

Kuanzia Julai Mama Patrobas atakuwa Kimilili, kwenye nyumba aliyoijenga polepole kwa miaka mingi. Ana mahindi, ana kuku, na ana wajukuu ambao nawaonea huruma kidogo upande wa usafi. Atapokea pensheni yake. Ni mfagiaji wa kwanza wa depo hii kuipokea. Waliomtangulia hawakustaafu. Waliugua, au walizeeka, au hawakuitwa langoni asubuhi moja, na habari zao tulizisikia siku ya kuchangia jeneza.

Nilipokwenda kwake kuomba habari za maisha yake ili niandike haya, alinitazama kwa wasiwasi akauliza, "Kwani nani amekufa?" Sikumcheka. Katika depo yetu, karatasi yenye picha ya mfagiaji na maelezo ya maisha yake haijawahi kuchapishwa ila ya kusomwa kaburini, na nyingi alizipanga yeye. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni yake, na ataishika kwa mkono wake mwenyewe. Aliingia ndani, akatoka amebadilisha kitambaa cha kichwa, akasema basi nimpige picha.

Jana nimemsomea yote niliyoandika. Ameniambia nimezidisha pale kwenye ukali, na nimepunguza pale kwenye Umoja. Nimeacha yote mawili kama yalivyo ili awe na la kunigombeza siku ya sherehe.

Mama Patrobas, kwa niaba ya tawi na depo nzima, asante kwa mikono yako na kwa hatua zile za ukumbini. Uende salama, upumzike, ushibe, uishi miaka mingi kati ya watu wako. Wenzako wengi tuliwasifu wakiwa hawasikii. Wewe umesikia.

J. Nyamai, kwa niaba ya Tawi la Kisima